Mguu Usiotulia

Jumatatu, 2 Machi

Daktari ameniagiza niandike kila siku damu inapotoka, na kiasi chake. Sina daftari jingine ila hili la vipimo vya wateja, kwa hiyo naanzia nyuma. Mbele kuna viuno na mabega ya watu, na huku nyuma nitakuwa mimi.

Nina miaka hamsini na tisa. Hedhi ilinikoma miaka saba iliyopita, nikafurahi kama mwenye nyumba aliyehamwa na mpangaji mkorofi. Sasa mpangaji karudi bila hodi. Nilijitia hamnazo miezi miwili. Aliyenikurupusha ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye alikuja kwangu kukaa siku mbili tu kwa sababu paa la kwake linavuja. Siku mbili hizo leo zimetimia kumi na tisa. Aliona nguo nilizoanika, akajumlisha mwenyewe, akanivuta mkono mpaka hospitali huku akinisema njia nzima.

Matone machache.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Matone. Wifi anaongea.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Hakuna damu. Wifi anaongea.

Ijumaa, 6 Machi

Leo wamenipiga altrasaundi. Mfuko wa uzazi una utando kwa ndani, na kwa mwanamke wa umri wangu haupaswi kuzidi milimita nne. Wangu una kumi na nne. Daktari wa kina mama ni mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, na nilipoiona nilishukuru. Alichukua kipande cha utando huo kwa mrija mwembamba, kipelekwe maabara. Alisema nitasikia maumivu kidogo. Mimi nimepima watu miaka arobaini na kidogo yangu si hiyo. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akaomba radhi.

Majibu baada ya siku kumi.

Jumanne, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimemaliza sare nane za shule. Wifi kanisimulia ndoto yake yote, na ilikuwa ndefu kuliko usingizi wenyewe.

Jumatatu, 16 Machi

Ni saratani. Nimeliandika neno lenyewe nione linavyokaa.

Daktari hakuzunguka. Alisema, "Mama, ni saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Ni ile ya aina ya upole, inayokua taratibu, na umewahi." Kisha akanisogezea tishu nipate kulia, lakini kilio hakikuja. Kilichokuja ni swali la kifundi. Nikamuuliza, "Iko kwenye bitana tu, au imeingia kwenye kitambaa?"

Alinitazama kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Akachukua kalamu akachora umbo la peari lililogeuzwa juu chini. Huu utando wa ndani ndio bitana, akasema. Ukuta mnene unaouzunguka ni msuli, na huo ndio kitambaa. Saratani huanzia kwenye bitana, ikiachwa hupenya ukutani. Sasa swali lake ni moja tu: imefika nusu ya ukuta, au haijafika?

Yote yananing'inia kwenye hiyo nusu. Ikiwa haijafika, atanifanyia upasuaji yeye mwenyewe, hapa hapa, kwa matundu manne madogo tumboni. Atatoa mfuko na vifuko vya mayai, na siku ya tatu niko nyumbani. Ikiwa imepita, nitapelekwa hospitali kuu. Huko watanipasua tumbo, watoe na vitezi vya nyongani na vya ndani zaidi, vile vinavyochuja maji ya mwili, halafu nichomwe mionzi wiki tano. Nikamuuliza vikitolewa hivyo vitezi mtu anakuwaje. Akasema wengi huwa hawana tabu, ila kuna ambao miguu yao huvimba na haipungui tena.

Miguu! Mimi nakanyaga cherehani ya pedali tangu nina miaka kumi na saba. Miguu hii imesomesha mtoto na kujenga vyumba vitatu.

"Tutajuaje kabla ya kunipasua?" nikauliza.

"Kwa picha ya MRI. Ni mashine ya sumaku, haina kisu wala mionzi. Inatuonyesha ukuta wote, nasi tunapima."

Wifi alikuwa ananisubiri nje. Alinitazama usoni mara moja tu, na kwa dakika nzima hakusema kitu. Dakika moja. Ndipo niliposhtuka kweli.

Jumatano, 18 Machi

Nina hasira hata sindano siioni vizuri. Nilimwambia wifi jambo hili ni langu na lake, basi. Leo nimekwenda kununua nyanya, muuza mboga kanipa nyanya mbili za ziada na kuinamisha kichwa. Mwenye duka la vifungo kanishika bega. Mlinzi wa benki, ambaye tangu nimjue hajawahi kunisalimia, kaniuliza nimelalaje. Nikajua. Nilipofika nyumbani binti yangu akapiga simu kutoka mji anakofanyia kazi, analia, "Mama, kwa nini nimesikia kwa shangazi?"

Nilimwuliza wifi, "Nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu, wifi yangu. Mdomo ulinitoka."

"Mdomo wako lini umewahi kuingia?"

Akasema, "Sasa nilie peke yangu jikoni mpaka lini?" Tangu hapo sisemi naye.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Sisemi na wifi. Yeye anasema na cherehani: "Cherehani, mwambie tajiri wako chai ipo mezani." Nilikunywa chai. Cherehani sikuipa jibu.

Jumatatu, 23 Machi

Kesho ndiyo MRI. Nisile kwa saa sita kabla. Wifi kaniambia kupitia cherehani kwamba na yeye hatakula. Nimecheka kabla sijakumbuka kwamba nimenuna.

Jumanne, 24 Machi

Siku ya kuandikwa yote.

Chumba cha mashine kiko mwisho wa korido ndefu, mlango mnene una alama ya sumaku nyekundu. Anayeiendesha ni kijana mpole mwenye miwani. Nimempa jina Bwana Sumaku. Alinisomea orodha ya maswali. Una betri ya moyo? Una chuma chochote mwilini? Umewahi kuingiwa na kibanzi cha chuma jichoni? Kila swali hapana. Nikavaa gauni la hospitali, kazi mbaya ajabu, pindo limepigwa kwa mshono mmoja tu tena wa kukurupuka. Nikasogea mlangoni. Bwana Sumaku akanyanyua mkono.

"Mama, hicho ni nini kwenye kitambaa cha kichwa?"

Pini. Nikaitoa. Akapitisha kifaa chake, kikalia. Pini nyingine. Kikalia tena. Kwenye kitambaa pini saba, kwenye mkanda wa sidiria sindano tatu na moja ina uzi. Mimi huzichomeka popote mkono unapofika, hata sijui. Wifi aliyekuwa kwenye benchi akasema kwa sauti ya korido nzima, "Endelea kutafuta mwanangu, kuna na mkasi humo!" Wagonjwa wote wakacheka. Nilijifanya sikusikia, lakini mabega yalinisaliti.

Wakanidunga sindano ya kutuliza utumbo ili usitikise picha, wakaniwekea mrija mkononi kwa ajili ya dawa ya kung'arisha, wakaniziba masikio, wakanifunika tumboni kwa kitu kama ngao nyepesi. Nikapewa mpira wa kubinya nikizidiwa. Kitanda kikaingia, kichwa kwanza, miguu ikabaki kwenye mdomo wa mashine.

Nilikuwa nimepiga moyo konde kwa ajili ya hofu. Hofu haikuja. Kilichokuja ni sauti: taka-taka-taka-taka. Mungu wangu, ni cherehani! Tena cherehani yangu ikiwa imetiwa mafuta, inayokimbia kwenye pindo refu la pazia. Ikakimbia, ikanyamaza, ikabadili mwendo kama mtu aliyefika kwenye kona, ikaanza tena. Nikafumba macho. Nikajiona niko kibarazani kwangu, mbele yangu mita za kitambaa cha bluu.

Sauti ikaingia masikioni: "Mama, tafadhali usitingishe mguu."

"Sitingishi," nikasema.

"Mama, nauona."

Nikatulia. Cherehani ikaanza, nami nikajibana kama jiwe, nikahesabu, nikafikiria mambo mengine. "Mama, mguu." Mara ya tatu alisema, "Mama, sasa ni miguu yote miwili." Aibu ilinichoma masikio ndani ya vile vizibo. Miaka arobaini na miwili mguu wangu unaisikia sauti ile na kujibu, na leo hauniulizi tena.

Nilipotoka, Bwana Sumaku alisema baadhi ya picha ni nzuri, nyingine daktari wa picha ataziangalia. Hakunitazama machoni alipolisema hilo.

Njiani nilimwambia wifi yote. Alisimama katikati ya mvua akacheka mpaka akashika nguzo ya taa. Kisha nikagundua kwamba tunasema.

Alhamisi, 26 Machi

Hospitali wamepiga simu. Daktari wa picha anasema saratani anaiona, na mlango wa kizazi ni mzima. Lakini zile picha za kupimia ukuta zimetikisika. Mahali penyewe, pale anapotaka kuona saratani inaishia wapi, kuna ukungu. Huenda ni robo ya ukuta. Huenda ni zaidi ya nusu. Hawezi kusema, na daktari wangu hataki kubahatisha. Turudie Jumatano ijayo.

Mtu angeweza kukatiwa njia na ugonjwa, na umaskini, na barabara. Mimi nimekatiwa na mguu wangu mwenyewe.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua. Matone. Nimejaribu kulala chali dakika arobaini, wifi akigonga sufuria kwa kijiko taka-taka-taka. Mguu ulikwenda dakika ya pili.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Sufuria. Dakika ya tatu.

Jumapili, 29 Machi

Tumejaribu mto wa mchanga juu ya miguu. Vidole vikakanyaga peke yao. Wifi anasema nikifa nizikwe na pedali nisije nikasumbua majirani.

Neno hilo lilipomtoka alijiziba mdomo. Nami nikacheka, nikacheka tena, halafu ndipo kilio nilichokingoja tangu tarehe kumi na sita kikaja. Alinishika kichwa, akanyamaza, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Sikujua kama anajua kunyamaza vile. Nilipotulia aliniambia kwamba kaka yake, marehemu mume wangu, alipougua alificha, nao ndugu zake wakaheshimu siri yake mpaka walipochelewa. "Ndiyo maana nimepiga kelele, wifi. Safari hii niliapa nitapiga kelele."

Miaka yote hii nimemwita mdomo mpana. Sikuwahi kumwuliza sababu.

Jumanne, 31 Machi

Anayeijua miguu yangu ni wifi. Ndiye aliyegundua. Akinishika vidole gumba vya miguu, kimoja kila mkono, mguu unatulia. Akiachia, unaondoka. Tumejaribu mara sita. Sijui kwa nini. Labda mguu unadhani mteja amefika, unasimamisha kazi.

Jumatano, 1 Aprili

Bwana Sumaku alikuna kichwa. Alisema msindikizaji anaruhusiwa kukaa chumbani mradi akaguliwe kama mgonjwa, na kwamba asiguse mashine, asisimame, asiongee maana mgonjwa akicheka picha zinaharibika. Hapo akamgeukia wifi. "Shangazi, ni dakika arobaini na tano. Bila neno hata moja."

Wifi akasema, "Mwanangu, unanijua?"

"Nilikuwa hapa wiki iliyopita," alijibu Bwana Sumaku.

Bangili zake za shaba hazikutaka kutoka. Zimekaa mkononi tangu usichana wake, na mkono umenenepa ukiwa ndani. Muuguzi alileta sabuni, tukavuta watu watatu, bangili zikatoka moja moja na kila moja alilia kama anang'olewa jino. Mimi nilivua pini mwenyewe nyumbani. Kifaa hakikulia hata mara moja, nikajisikia kama sijavaa.

Nikaingia. Taka-taka-taka ikaanza. Mguu ukataka kwenda, nikausikia kabisa ukitaka, na vidole vya wifi vikabana. Ukaacha. Mikono yake ilikuwa na baridi na bado ina utelezi wa sabuni. Kila mashine ilipobadili mwendo alibana zaidi, kana kwamba na yeye anaijua kona ya pindo. Dawa ya kung'arisha ikaingia mkononi, baridi ikanipanda hadi begani. Mimi nililala mle ndani nikimsikiliza mtu asiyesema, na nilimpenda. Naliandika wazi hapa kwa kuwa mbele yake sitalisema, atalisambaza.

Dakika arobaini na saba. Bwana Sumaku alifungua mlango akasema, "Zimekaa kama zimechorwa." Wifi hakujibu. Akatoka mpaka koridoni, akaketi kwenye benchi, akavuta pumzi, halafu akaanza kuongea na hakumaliza mpaka tulipofika nyumbani.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Nashona, nang'oa, nashona. Roho iko juu.

Jumatatu, 6 Aprili

Daktari aliwasha kompyuta akanionyesha. Ni picha ya rangi ya majivu. Ukuta wa mfuko wangu ni ule mkanda mweusi, na saratani ni kiwingu cha kijivu kilichoingia pembeni. Akaweka mstari mmoja kwenye unene wote wa ukuta: milimita kumi na saba. Akaweka mwingine mahali kiwingu kinapoishia: milimita tano.

Nikamwomba aupime tena. Akapima tena. Tano.

"Haijafika nusu," nikasema.

"Haijafika hata theluthi, mama. Na vitezi havijavimba. Nitakufanyia mwenyewe hapa." Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba picha husema kweli mara nyingi lakini si mara zote, na neno la mwisho litatoka maabara, wakiukata mfuko wenyewe na kuutazama kwa darubini. Nikamwambia naelewa. Mtu unampima kwa utepe, lakini unajua gauni limekaa siku anapolivaa.

Wifi hakungoja kufika nyumbani. Mlinzi wa benki alijua kabla ya binti yangu.

Jumatano, 15 Aprili

Upasuaji ni kesho. Binti yangu amefika, amekonda kwa wasiwasi. Yeye na shangazi yake wananigombania nani alale hospitali. Nimewaacha wagombane, sauti zao zinanipendeza.

Ijumaa, 17 Aprili

Niko hai. Matundu manne. Naandika nimelala. Wifi kamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili maisha yangu yote, na mgonjwa anataka yaendelee.

Jumatatu, 20 Aprili

Nyumbani. Nisishone wiki sita. Tumbo linauma nikicheka, na nyumba hii siku hizi haina huruma.

Jumamosi, 25 Aprili

Mvua ndogo tu. Fundi wa paa amemaliza kwa wifi tangu wiki jana. Hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Jumatano, 6 Mei

Leo jua limetoka tangu asubuhi. Tulikwenda watatu kuchukua majibu ya maabara.

Daktari aliyasoma mara moja kimya, halafu kwa sauti. Saratani imepenya ukuta milimita nne. Kando zote safi. Mlango wa kizazi safi, vifuko vya mayai safi. Hakuna hospitali kuu, hakuna mionzi. Nitarudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. "Mama," akasema, "imekwisha kazi." Binti yangu akaweka kichwa mezani akalia. Wifi alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Machozi yalimtiririka na kichwa kikitikisika tu, hivyo hivyo mpaka nje ya geti.

Tulipofika kwa muuza mboga palikuwa na foleni. Watu wote pale wanajua habari zangu, na wote wakaanza kuzitazama bamia kwa adabu, wakingoja wifi awape taarifa. Wifi akafungua mdomo, akaninyooshea kidole, akalia upya. Muuza mboga akapauka, akadhani mabaya. Basi ikabidi niseme mimi. Mimi niliyenuna wiki nzima kwa sababu ya siri.

"Nilikuwa na saratani ya mfuko wa uzazi," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Ilianza kwa matone ya damu wakati hedhi ilishakoma. Wamepima, wamekata, wametoa yote. Nimepona! Mwenye swali aniulize mimi."

Muuza mboga akapiga vigelegele. Mlinzi wa benki, ng'ambo ya barabara, akapiga makofi bila kujua tunashangilia nini. Watu wakanishika mikono, nikapewa nyanya nisizozilipia, binti yangu akawa anacheka na kupenga kamasi.

Walipotawanyika akabaki mwanamke mmoja nisiyemjua, mkubwa kwangu kidogo, ameshika fungu la mchicha. Akasogea karibu sana.

"Dada," akasema chini chini, "hayo matone. Mimi yananitoka tangu mwaka jana. Nilidhani ni uzee."

Nilimwuliza anakaa wapi. Nimemwambia kesho saa moja na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, ajiandae, na asiogope. Wifi akajifuta uso, akasema na yeye anakwenda, tena daktari anamjua, tena benchi la koridoni analijua, tena kuna muuguzi fulani ana sabuni nzuri sana. Sauti ikawa imemrudia yote, na yule mwanamke, maskini, hakupata tena nafasi ya kukataa.